Albert Cook: Mganga wa Mengo na Daftari Zake

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu twaifahamu methali hii kwa mambo ya duka na ya shamba. Lakini iko mali nyingine ipoteayo kila siku pasipo mtu kuililia, nayo ni maarifa yapatikanayo kando ya kitanda cha mgonjwa. Mtu huugua, hutibiwa, hupona au hufa. Na kama hapana mkono ulioandika, basi yote ambayo mgonjwa yule angeweza kutufundisha kwa maumivu yake huzikwa pamoja naye.

Leo tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyekataa mali hiyo ipotee. Mtu huyo ni Daktari Albert Ruskin Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mjini Kampala mwaka 1897, na ambaye alifariki mjini humo mwaka 1951. Hatukusudii kumvika sifa zisizo zake. Alikuwa mwanadamu, tena mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi chini ya kivuli cha ukoloni, na huko mbele tutaona kwamba katika jambo moja kubwa alikosea, na kosa hilo liliwaumiza watu. Hata hivyo twaamini kwamba maisha yake yana funzo ambalo kila hospitali, kubwa kwa ndogo, ingefaa kulishika.

KWA MIGUU KUTOKA MOMBASA

Cook alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka 1896 chama cha wamisionari cha Church Missionary Society kilimtuma Uganda. Wakati ule reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza ianze kujengwa, na haikufika ziwani ila mwaka 1901. Kwa hiyo msafara wake, pamoja na wapagazi waliobeba masanduku ya dawa na vyombo vya kupasulia, ulikwenda kwa miguu nyika na milima, mwendo wa maili zipatazo mia nane. Katika msafara ule alikuwamo mwuguzi mmoja, Katharine Timpson, ambaye mwaka 1900 alifunga ndoa na Cook na kuwa mwenzake wa kazi mpaka mwisho wa maisha yake.

Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897. Yafaa tuseme mapema kwamba nchi ile haikuwa tupu isiyojua uganga. Mwaka 1879, karibu miaka ishirini kabla ya Cook, Mwingereza mwingine, Robert Felkin, alishuhudia huko Bunyoro waganga wa kienyeji wakimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Walimnywesha pombe ya ndizi, wakanawa mikono na kumwosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, wakamtoa mtoto, kisha wakalifunga jeraha. Mama na mtoto wote wakaishi. Huo ulikuwa ustadi mkubwa, na bila shaka haukupatikana kwa siku moja. Lakini tazama jambo la kusikitisha: mafundi wale hatuyajui hata majina yao, wala hatujui walijifunza kwa nani na walipasua wangapi. Habari yao imetufikia kwa sababu tu mgeni mmoja aliyepita njia alichukua kalamu akaandika. Hapo ndipo methali yetu inapojidhihirisha.

BANDA LA MATETE

Cook alianza kuwapokea wagonjwa mara tu alipofika, na mwaka huo huo wa 1897 hospitali ya kwanza ikafunguliwa katika banda la matete. Wagonjwa wakaja kwa wingi, wengine wakibebwa na jamaa zao kwa machela kutoka mbali. Walikuja na vidonda vya miaka mingi, na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, na ngiri zilizojinyonga, na homa za kila namna. Kulikuwa na mengi yasiyoweza kungoja. Ngiri iliyojinyonga, mathalani, humwua mtu kwa siku chache, kwani utumbo ulionaswa hukosa damu ukaoza. Mgonjwa wa namna hiyo hupasuliwa upesi, au huzikwa.

Mwaka huo haukuwa wa amani. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza akakimbia, na mwanawe Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mchanga, akatawazwa badala yake. Haukupita muda, askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza nao wakaasi, wakajifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Cook alikwenda huko kuwahudumia majeruhi. Mfasiri mashuhuri wa misheni, George Pilkington, aliuawa katika mapigano hayo mwezi wa Desemba 1897. Daktari kijana, asiyetimiza hata mwaka mmoja katika nchi ile, akajikuta akifanya kazi ya mganga wa vita: kuzuia damu, kutoa risasi, kufunga mifupa iliyovunjika, na kuamua nani ashughulikiwe kwanza na nani hawezi kuokolewa tena.

Vita vilipotulia akarejea Mengo. Mwaka 1899 ndugu yake, Daktari John Howard Cook, aliyejulikana kwa jina la Jack, alikuja kumsaidia. Hospitali kubwa zaidi ikajengwa, lakini mwaka 1902 ikapigwa na radi na kuteketea. Wengine wangevunjika moyo. Wao wakajenga tena, safari hii kwa matofali, na jengo hilo likafunguliwa mwaka 1904.

ALIVYOANDIKA

Sasa tufikie kiini cha habari yetu. Tangu mwanzo Cook alikuwa na desturi ambayo kwa daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni ingeonekana kuwa ni anasa. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake: jina, atokako, maradhi yaliyomleta, alivyoonekana mwili alipopimwa, dawa aliyopewa au upasuaji aliofanyiwa, na mwisho wake ulivyokuwa. Pale ambapo maneno hayakutosha, alichora picha.

Ili aweze kuandika sawasawa ilimpasa kusikia sawasawa. Akajifunza Kiganda, na mwaka 1903 akatoa kitabu cha maneno na maswali ya kitabibu kwa Kiganda, ili daktari mgeni aweze kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu ni ya namna gani. Twaona jambo hili si dogo. Mgonjwa asiyeeleweka hawezi kuandikwa. Na kikiandikwa alichokisema mkalimani kwa haraka, daftari huwa na uongo badala ya kweli.

Yafaa pia tuwakumbuke wale wasioandikwa. Nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na vijana wa Kiganda waliosafisha vidonda na kubeba machela, na jamaa waliolala karibu na wagonjwa wao, wakiwapikia na kuwageuza kitandani. Hospitali ya Mengo haikuendeshwa na madaktari wawili peke yao.

MALALE YAINGIA

Mwaka 1901 daftari za Mengo zilianza kuonyesha jambo geni. Akaja mgonjwa, akaja na mwingine, wenye dalili zinazofanana: kichwa kuuma siku nyingi, tezi za shingo kuvimba, mwili kuwasha na kukonda. Kisha usingizi ukawaandama mchana, wakasinzia chakula kikiwa mkononi. Mwisho hawakuamka tena. Ndugu wawili wa Cook walitambua kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa malale, ambao ulijulikana Afrika ya magharibi na Kongo, lakini ulikuwa haujapata kutambuliwa na daktari yeyote katika Uganda. Wakatoa habari.

Habari hiyo ilikuja wakati wa msiba. Busoga na pwani za Ziwa Viktoria zilikuwa zinateketea. Yakadiriwa kwamba katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini watu zaidi ya 200,000 walikufa kwa malale katika Uganda. Vijiji vizima vilibaki na migomba isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1902 Chama cha Sayansi cha Uingereza kilituma wataalamu watatu, George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Wakati ule wengi walidhani kwamba chanzo cha malale ni minyoo midogo sana ya damu iliyokuwa ikionekana kwa hadubini katika damu ya wagonjwa wengi, na Cook mwenyewe alikuwa ameiona. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, lakini ilikuwa na kasoro. Ulipochunguzwa uenezi wa minyoo na uenezi wa ugonjwa, havikulingana: palikuwa na nchi zenye minyoo tele na zisizo na malale, na nchi zenye malale zisizo na minyoo. Mambo mawili kukutana katika mgonjwa mmoja si hoja ya kwamba moja limelizaa la pili.

Castellani, aliyefanya kazi Entebbe, akatazama maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akaona humo vijidudu vya namna nyingine, viitwavyo tripanosoma. Mwaka 1903 David Bruce alikuja, akaendeleza uchunguzi. Wamisionari na machifu waliombwa wakusanye nzi wa kila mahali na kuwapeleka Entebbe, na ramani ya nzi ikachorwa kando ya ramani ya ugonjwa. Safari hii ramani zikapatana: palipo na mbung'o wa kando ya maji ndipo palipo na malale.

Kujua chanzo hakukuleta dawa papo hapo. Mjerumani Robert Koch alikuja katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na kujaribu dawa yenye sumu ya aseniki iitwayo atoxyl. Dawa ile iliwapa wengi nafuu ya muda, lakini baadhi ya waliopewa kwa wingi walipofuka macho. Serikali ya kikoloni, chini ya Hesketh Bell, ikaamua kuwahamisha watu kutoka pwani na visiwani ili mbung'o wakose wa kuwauma. Maradhi yakapungua, lakini watu walipoteza makazi, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Katika miaka ile Cook alikuwa na cha kuwapa wagonjwa wa malale? Kitanda, chakula, maji, usafi na faraja ya imani yake, basi. Alijua alipomlaza mgonjwa kwamba atamzika. Hata hivyo aliandika. Wako watakaouliza faida ya kumwandika mtu ambaye atakufa. Jibu letu ni kwamba mgonjwa asiyeweza kuponywa ndiye hasa wa kuandikwa, maana yeye ndiye aliyeleta swali ambalo bado halina jibu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ile itokayo Afrika ya magharibi si tishio tena kwa afya ya umma katika Uganda. Kutoka mwaka 1901 hadi 2022 ni miaka 121. Hiyo ndiyo safari iliyoanzia katika kurasa chache za Mengo na katika vifo vya watu ambao wengi hatuwajui.

KOSA

Sasa tunafika mahali pagumu. Katika miaka ile Cook aliamini kwamba kaswende imeenea mno katika Buganda. Watoto wengi walikuwa wakifa wachanga, mimba nyingi zilikuwa zikiharibika, na wagonjwa wengi walikuwa na vidonda na mifupa iliyoharibika. Mwaka 1908 daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, alitangaza Uingereza kwamba sehemu kubwa mno ya Waganda walikuwa na ugonjwa huo, na hesabu za Mengo zilikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Wakubwa wakashtuka. Mwaka 1913 zikatungwa sheria za kuwapima watu kwa lazima, na mwaka huo huo ikaanzishwa huko Mulago hospitali ya kutibu maradhi ya zinaa. Watu wazima, na hasa wanawake, walivuliwa heshima yao mbele ya wageni, na Waganda wengi walichukizwa.

Baadaye wataalamu walirudi katika jambo hili na kuona kwamba hesabu zile zilikuwa zimezidishwa. Katika nchi ile palikuwa na ugonjwa mwingine, buba, ambao haupatikani kwa zinaa. Huambukizwa kwa kugusana ngozi, hasa watoto wachezapo pamoja. Kijidudu cha buba na cha kaswende ni ndugu wa karibu mno. Vidonda vyao huweza kufanana, na hata kipimo cha damu kilichokuja baadaye hakikuweza kuvitenganisha. Tena mimba huharibika na watoto hufa kwa sababu nyingi, malaria ikiwa mojawapo. Ni wazi kwamba wengi walioandikwa kuwa na kaswende walikuwa na maradhi mengine, na wakabandikwa aibu isiyo yao.

Hatulitaji kosa hili ili kumfedhehesha marehemu. Twalitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba waliopatwa na madhara wanastahili kukumbukwa. Ya pili ni kwamba hapa panaonekana hatari ya daftari. Kalamu ya daktari ina nguvu kuliko anavyodhani. Neno moja liandikwalo kwa pupa juu ya mgonjwa mmoja ni kosa dogo. Likirudiwa juu ya maelfu, kisha likapewa mtawala, hugeuka kuwa sheria. Lakini tuone na upande wa pili. Cook hakuandika jina la ugonjwa peke yake, bali aliandika pia dalili alizoziona. Kwa hiyo aliyekuja nyuma aliweza kumhoji na kumsahihisha. Angeandika majina matupu tu, kosa lake lingebaki kuwa kweli milele.

WAKUNGA NA WAGANGA WA NCHI

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki, Mengo ilipokea majeruhi na wagonjwa wa vita. Mwaka 1917 Cook alianzisha hapo shule ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya kumsaidia daktari. Mkewe Katharine, akishirikiana naye, alianzisha chuo cha wakunga vita vilipokuwa vinamalizika, na chuo hicho kikapewa jina la Lady Coryndon. Wasichana waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi vijijini, na kwa ajili yao kitabu cha ukunga kiliandikwa kwa Kiganda. Mwaka 1931 ikafuata shule ya wauguzi.

Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi ya Mengo iliyookoa wengi zaidi. Mama mwenye uchungu wa siku mbili, au anayetokwa na damu baada ya kuzaa, hana nafasi ya kusafiri siku tatu kumfuata daktari mjini. Lazima awepo karibu naye mtu mwenye mikono safi, ajuaye la kufanya na ajuaye wakati gani jambo limemzidi. Na wakunga wale nao walifundishwa kuandika: nani kazaa, mtoto yu hai au amekufa, mama yu hali gani.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akastaafu mwaka 1934. Hakurudi kwao. Mkewe alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda. Alifariki Kampala tarehe 23 Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe, karibu na hospitali aliyoianza katika matete.

DAFTARI ZASEMA TENA

Kwa watu wengi habari huishia kaburini. Habari ya Cook haikuishia hapo.

Mwaka huo huo wa 1951 ilianzishwa Kampala orodha ya wagonjwa wa saratani, ambayo ni miongoni mwa orodha za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Mwanzilishi wake alikuwa J. N. P. Davies, mtaalamu wa elimu ya maradhi katika Makerere. Siku zile wengi huko ng'ambo walikuwa wakisema kwamba Mwafrika hapati saratani ila kwa nadra, na kwamba akiipata basi ameambukizwa maisha ya kisasa. Lilikuwa neno jepesi kulisema, kwani nani angelikanusha? Aliyekufa mwaka 1900 hawezi kuulizwa.

Mwaka 1957 daktari mwingine wa Kampala, Denis Burkitt, aliletewa katika Hospitali ya Mulago mtoto mwenye uvimbe katika mataya yote. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine kama yeye. Akaanza kuuliza, na kuandika, na kuweka alama katika ramani, mpaka mwaka 1961 akasafiri kwa gari maili 10,000 katika Afrika ya mashariki na kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe ule. Saratani ile leo yaitwa kwa jina lake. Katika chembe zake ndimo mwaka 1964 watafiti wa London walimoona kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Swali lilibaki: je, ulikuwa ugonjwa mpya?

Ndipo watu wakakumbuka daftari za Mengo. Davies, pamoja na M. S. R. Hutt, Raphael Owor wa Uganda na wenzao, walizisoma tena kurasa zile tangu mwaka 1897, na matokeo wakayachapisha mwaka 1964. Humo waliikuta saratani tangu miaka ya mwanzo kabisa. Waliwakuta hata watoto wenye uvimbe wa mataya, wameelezwa na daktari ambaye hakujua jina la ugonjwa ule, maana jina lilikuwa bado halijapatikana. Basi saratani haikuletwa na gari la moshi wala na mkate wa dukani. Ilikuwako, waliokosekana ni watu wa kuitazama.

Tazameni jambo hili, ndugu wasomaji. Mtoto mmoja aliletwa Mengo mapema katika karne iliyopita, uso umevimba, wazazi wake wakitumaini. Daktari hakuweza kumponya. Lakini alikaa chini akaandika alichokiona. Miaka sitini baadaye maneno yale yalisaidia kuwaonyesha wataalamu njia. Na mwaka 1967 huko Mulago ikafunguliwa hospitali ya kuwatibu watoto wenye saratani ile ile, ambayo ndiyo chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko wengi walipona kwa dawa. Mtoto wa kwanza hakupona, lakini kwa namna fulani alishiriki katika kuwaponya wenzake.

FUNZO KWETU

Daftari za Cook zimehifadhiwa katika maktaba ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Mulago, yenye jina lake. Hospitali ya Mengo nayo ingaliko. Lakini twaona kwamba ukumbusho ulio bora si jiwe wala jina la jengo. Ukumbusho ulio bora umo mkononi mwa kila mwuguzi wa zamu ya usiku, na kila mganga wa zahanati, na kila mkunga wa kijijini anayetazama kitabu cha wagonjwa akiwa amechoka, mafuta ya taa yamekaribia kwisha, na kujiuliza kama kuna haja ya kuandika zaidi ya jina na dawa.

Twajua kazi ni nyingi na watu ni wachache. Twajua pia kwamba mgonjwa anayetapatapa hutibiwa kwanza, na kalamu hufuata. Lakini ifuate. Liandikwe lile lililoonekana, wala si lile lililotarajiwa. Na penye shaka iandikwe shaka, ili anayekuja nyuma asipotee kama walivyopotea wale wa mwaka 1908. Maana hakuna mgonjwa anayekuja hospitali mikono mitupu. Hata asiye na senti moja huja na habari ya mwili wake, na habari hiyo ni amana. Tukiipokea na kuitunza, huenda ikamfaa mtoto ambaye hajazaliwa. Tukiiacha ipotee, tutakuwa tumemzika mtu mmoja mara mbili.